Posta oda ya babu yako: usiilamineti, usiibandue stempu, anza kwa kusoma mihuri

Mkuu, nimesoma swali lako nikaona nisikujibu kwa mistari miwili. Umesema umefungua sanduku la marehemu babu ukakuta karatasi yenye mapambo kama ya noti, imeandikwa 2/6, ina mhuri wa posta, jina limeandikwa kwa wino wa bluu, na pembeni imebanduliwa stempu mbili ndogo. Unauliza mambo manne: je, ni noti ya zamani, bado inalipwa, ina thamani gani, na je, uipeleke steshenari wakailamineti isiharibike zaidi.

La mwisho nalijibu kwanza kwa sababu ndilo lenye haraka: usiilamineti. Plastiki ile inabandikwa kwa moto na gundi, haitoki tena. Karatasi ikishaingia humo, mkusanyaji yeyote anaihesabu kuwa imekufa.

Sasa tuje kwenye chenyewe. Hiyo si noti. Ni posta oda, wengine wakiita hawala ya posta. Vijana wengi huichanganya na manioda, kwa hiyo niweke sawa. Manioda ulikuwa unakwenda dirishani, unalipa, unataja jina la mpokeaji na posta ya kwao, kisha posta yenyewe ndiyo inapelekeana taarifa kwamba fulani alipwe kiasi fulani. Posta oda ni karatasi iliyokwisha chapwa thamani yake: shilingi moja, mbili na sumuni, tano, kumi, mpaka ishirini. Unainunua dirishani kwa thamani hiyo pamoja na ada kidogo, karani anaipiga mhuri wa tarehe, anakuchania kishina, yaani kipande cha pembeni chenye namba ileile, ubaki nacho, wewe unaandika jina la unayemtumia, unaikunja ndani ya barua. Anayeipokea anakwenda posta, anatia saini, analipwa. Hiyo 2/6 uliyoiona ni shilingi mbili na peni sita, yaani mbili na sumuni.

Uingereza ilianza kuzitoa tarehe 1 Januari 1881, baada ya George Chetwynd, mhasibu mkuu wa posta yao, kubuni mpango huo ili watu wenye vijisenti vidogo wasilipe ada kubwa ya manioda. Kutoka huko zikaingia kwenye makoloni, na huku kwetu ziliuzwa na kulipwa kwenye madirisha yaleyale tuliyonunulia stempu. Ilikuwa rahisi kwa sababu moja: kuanzia 1921 Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki ilipoleta shilingi yake, shilingi moja ya hapa ilikuwa sawa na shilingi moja ya Uingereza, na ishirini zikifanya pauni. Kabla ya hapo ilikuwa kazi, maana tulitumia rupia, karani akalazimika kugeuza hesabu. Zanzibar iliendelea na rupia mpaka mwanzoni mwa 1936. Kwa hiyo ukikuta posta oda ya Kiingereza yenye mhuri wa Zanzibar wa kabla ya mwaka huo, ujue mlipwaji aliondoka dirishani na rupia mkononi wakati karatasi inasema shilingi. Bado naitafuta ya namna hiyo.

Mimi nilianza kama wengi humu, kwa noti. Nilikuwa nakusanya zile za Bodi ya Sarafu, na za kwanza za Benki Kuu ya Tanzania za 1966: tano, kumi, ishirini na mia. Ukifika mahali unagonga ukuta. Noti za Serikali ya Zanzibar za 1908 zinapigwa mnada kwa pesa ya kununua nyumba. Nilikuwa nimeanza kukata tamaa mpaka nilipokwenda Birmingham kusoma, miaka miwili, na Jumamosi moja rafiki akanichukua kwenye mnada mdogo wa stempu kwenye ukumbi wa kanisa. Chini ya meza ya mzee mmoja palikuwa na boksi la viatu limejaa posta oda. Nilishangaa. Michoro ileile ya mistari iliyosukwa kama ukili, karatasi yenye alama ya maji, ile inayoonekana ukiiinua mbele ya mwanga, namba za mfululizo, vyote kama noti. Nikanunua tatu kwa pauni chache, nikarudi chumbani sikulala.

Yule mzee ndiye aliyeniambia jambo ambalo limebaki kichwani mwangu mpaka leo. Aliniuliza: unajua kwa nini hizi zipo? Nikasema kwa sababu watu walizitunza. Akatikisa kichwa. Posta oda iliyolipwa haibaki mikononi mwa watu. Ikishalipwa inabaki kwa karani, inapelekwa makao makuu, inahakikiwa kwa hesabu, kisha inaharibiwa. Hivyo nyingi tulizo nazo leo ni zile ambazo hazikulipwa. Barua ilipotea, au mpokeaji alikufa, au aliisahau ndani ya kitabu, au alisafiri. Angalia ya babu yako: ina mhuri mmoja au miwili? Ukiona mmoja tu, wa posta iliyouza, basi hiyo pesa haikuchukuliwa. Ukiona na wa pili wa posta iliyolipa, shika vizuri, maana hiyo ilipenya ikatoka mahali ambapo ilipaswa kuharibiwa, na ni adimu zaidi.

Hapa ndipo posta oda inapoachana na noti, na hapa ndipo wakusanyaji wa noti wanapokosea wakiingia upande huu. Kwenye noti tunatafuta isiyoguswa, isiyo na mkunjo, isiyo na wino wa mtu. Noti iliyoandikwa jina tunaishusha bei. Kwenye posta oda ni kinyume. Ile tupu isiyo na mhuri ni nzuri kwa kuangalia mchapo, lakini haina safari. Yenye mhuri, jina, saini, mistari miwili ya kukatisha iliyochorwa kwa rula ili ilipwe kupitia benki tu, stempu za kuongezea senti, hiyo ndiyo yenye maneno. Noti imepita mikono elfu na haikumbuki hata mmoja. Posta oda ilitoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mtu mmoja, na majina yapo.

Nikuambie ya kwetu. Niliporudi kutoka masomoni nilimwonyesha shangazi vile vikaratasi vya Birmingham, akavitazama akacheka, akasema mbona cha bibi yako kipo. Akaingia chumbani akatoka na kasha dogo la mbao, ndani yake hati za shamba, picha mbili, na posta oda ya shilingi kumi iliyokunjwa mara nne. Mhuri ni wa Nairobi, mwaka 1949. Aliyeituma ni baba mkubwa, wakati huo akifanya kazi reli. Na kwenye mstari wa jina la mlipwaji ameandika, kwa mwandiko wa mtu aliyejifunzia kuandika ukubwani, herufi moja moja bila kuunganisha: Mama Athumani.

Athumani ni yeye mwenyewe. Ndivyo mama yake alivyoitwa kijijini, ndivyo alivyomwita yeye, na pengine hakuwahi kufikiria kwamba kuna jina jingine la kuandika. Bibi akatembea mpaka posta. Karani akamuuliza jina lake, akataja jina lake la kuzaliwa, kama mtu yeyote angefanya mbele ya mtu wa serikali. Karani akasema majina hayalingani. Akarudi nyumbani, akaenda tena siku nyingine na jirani wa kumshuhudia, akaambiwa alete barua ya jumbe, mkuu wa kijiji. Shangazi anasema mara ya tatu hakwenda. Ilikuwa msimu wa kupalilia, miezi ikapita, na posta oda ina muda wake. Ikichelewa ni ada juu ya ada na maelezo mengi. Akaiweka kwenye kasha. Alimwambia baba mkubwa kwamba pesa imefika.

Simlaumu yule karani, alifuata kitabu chake. Lakini nikiishika karatasi ile naona zile alama za mikunjo minne, na kwenye kona ya chini kulia alama ya kidole yenye wino hafifu, ambayo naamini ni ya bibi, aliyoweka kabla ya kuulizwa jina. Hakuna noti hata moja kwenye albamu yangu inayonifanyia hivyo.

Sasa kuhusu uhusiano wake na noti, maana kuna mwanajukwaa hapo juu amekujibu kwamba "hizo ni karatasi za posta, hazihusiani na fedha." Zinahusiana, tena kisheria. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza Agosti 1914, Waingereza walikimbilia dhahabu yao, benki zikafungwa siku kadhaa, na serikali haikuwa na noti ndogo za kutosha. Noti za hazina za pauni moja, zile zenye saini ya John Bradbury, zilianza kutoka tarehe 7 Agosti, na kwa haraka waliyokuwa nayo zilichapwa kwenye karatasi ya stempu. Katika pengo hilo, sheria ikatangaza kwamba posta oda ni fedha halali. Ungeweza kulipia mkate kwa posta oda na muuza duka asikatae. Hali hiyo iliendelea mpaka Februari 1915. Vita ya Pili ilipoanza 1939 wakafanya tena hivyohivyo kwa miezi michache. Kwa hiyo posta oda ya Kiingereza yenye mhuri wa vipindi hivyo viwili ni noti kwa maana kamili, na wakusanyaji wa noti wanazigombea. Angalia tarehe ya hiyo ya babu kabla hujamwonyesha mtu.

Marekani nao walikuwa na zao, noti za posta, kuanzia Septemba 1883 mpaka katikati ya 1894, kwa kiasi kisichofika dola tano. Kiasi na tarehe vilitobolewa tundu kwa mkono, hazikuchapwa. Sina hata moja na sitegemei kuipata. Wahindi ndio waliobaki nazo hai: mwananchi akitaka taarifa serikalini kwa sheria yao ya haki ya habari ya 2005, ada ya rupia kumi anaweza kuambatanisha kwa posta oda. Uingereza nayo bado inauza, mpaka pauni 250, ila siku hizi kiasi kinachapwa palepale dirishani na ule mvuto wa zamani hauko.

Ukitaka kujua uzito wa mwandiko kwenye karatasi hizi, kuna kesi moja maarufu. Mwaka 1908, kwenye chuo cha wanamaji cha Osborne, kijana wa miaka 13, George Archer-Shee, alifukuzwa kwa kushukiwa kuiba posta oda ya shilingi tano ya mwenzake na kulipwa pesa yake kwa saini ya kughushi. Mtaalamu wa miandiko alisema saini ni yake. Mama wa posta alisema aliyelipwa ile ya shilingi tano ndiye huyohuyo aliyenunua siku ileile posta oda ya shilingi 15 na peni 6, na kweli kijana alikuwa ameinunua hiyo. Baba yake hakukubali. Wakili Edward Carson akaisimamia kesi mpaka mahakamani Julai 1910, akambana yule mama wa posta mpaka ikaonekana kwamba kwake vijana wa sare wote walifanana, na serikali ikakiri kijana hana hatia. Mwaka uliofuata familia ikalipwa zaidi ya pauni 7,000, fidia na gharama. Kwa karatasi ya shilingi tano. Yule kijana aliuawa vitani 1914, karibu na Ypres, Ubelgiji, akiwa na miaka 19.

Turudi kwako. Kulipwa: hapana, usijisumbue. Shilingi na peni zilizotajwa pale hazitumiki tena, na hata posta iliyoiuza imebadilika mara kadhaa. Shirika la posta na simu la Afrika Mashariki lilivunjika pamoja na Jumuiya 1977, likaja letu la posta na simu, nalo likagawanywa, Shirika la Posta likasimama peke yake Januari 1994. Hakuna dirisha linalodaiwa karatasi hiyo leo.

Thamani: nitakuwa mkweli kwako. Posta oda za Kiingereza za kawaida, za miaka ya 1950 na 1960 zenye mihuri ya huko kwao, zinauzwa kwa bei ya chai na chapati. Zenye mihuri ya huku ndizo zinazogombewa, kwa sababu wanazitaka watu wa aina tatu kwa wakati mmoja: wa posta oda, wa noti, na wale wanaokusanya mihuri ya posta ndogondogo za Afrika Mashariki. Kadiri posta ilivyokuwa ndogo, ndivyo mhuri wake unavyotafutwa. Mhuri wa Dar es Salaam au Mombasa ni wa kawaida. Ukiwa na mhuri wa stesheni ya reli porini au wa posta ya shamba la mkonge, hapo hata mimi nitakupigia simu usiku.

Lile la stempu kubanduliwa linaniuma kwa sababu nami nimelitenda. Wakati wa ukoloni, mtu akitaka kutuma shilingi mbili, peni sita na peni mbili zaidi, aliruhusiwa kubandika stempu za peni hizo kwenye uso wa posta oda, na karani alizihesabu kama pesa. Mojawapo ya zile tatu nilizonunua Birmingham ilikuwa na stempu mbili za peni moja za Mfalme George wa Sita. Nikiwa bado na akili ya mkusanya stempu, nikailowesha kwenye sahani ya maji ya vuguvugu, nikazibandua, nikazipanga kwenye albamu. Wino wa jina la mlipwaji ukayeyuka wote. Stempu zile hazina thamani yoyote, zipo kwa mamilioni. Nilichoharibu hakikuwa na cha pili. Kama bado unazo zile stempu za babu, usizibandike tena kwa gundi. Ziweke kwenye bahasha ndogo pamoja na posta oda, andika kwa penseli kwamba zilitoka hapo.

Kuhusu za bandia, zipo, ingawa si nyingi. Niliwahi kuuziwa kwa picha za mtandaoni moja iliyosemekana ni ya Zanzibar, ikaja ni chapa ya printa ya rangi. Tangu siku ile naomba picha ya karatasi ikiwa imeinuliwa mbele ya dirisha, nione alama ya maji, na picha ya ukingo ilipochanwa kishina, nione vitobo vyenye nyuzi za karatasi na si ukingo uliokatwa kwa mkasi. Halafu linganisha mfalme na tarehe. George wa Sita alitawala kuanzia Desemba 1936 mpaka Februari 1952. Mhuri wa tarehe ya nyuma kabla ya utawala wake ni uongo wa wazi. Lakini mhuri wa mwaka mmoja au miwili baada ya kifo chake usikutishe. Posta za mbali zilimaliza kwanza akiba ya zamani, na mimi ninazipenda hasa hizo.

Utunzaji, hasa kama uko pwani. Adui ni unyevu, jua na ile mifuko laini ya plastiki yenye harufu, ambayo baada ya miaka inanata na kunyonya wino. Tafuta mifuko migumu ya poliesta wanayouza watu wa noti. Ukikosa, tumia karatasi nyeupe safi kati ya kurasa za daftari gumu na uweke kabatini, si ukutani. Vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu usivitupe, tia kimoja sandukuni na ubadilishe kila baada ya masika. Mikunjo iache. Usipige pasi, nimeona mtu akifanya hivyo na karatasi ikageuka rangi ya chai. Seloteipu usiikaribishe kabisa.

Na sanduku la babu lipekue tena, taratibu, karatasi moja moja. Watu wanaokota posta oda wanaacha kilicho pembeni yake: kishina chenye namba ileile, risiti ya barua ya rejista, bahasha yenyewe, barua iliyofuata ikiuliza kama pesa imefika. Kishina kikilingana namba na posta oda yake, hivyo viwili haviuzwi mbalimbali, maana mara nyingi kishina kilibaki kwa mtumaji mji mwingine kabisa. Waulize na wazee. Mimi nisingejua habari ya jina la bibi kama shangazi asingekuwa hai siku ile, na karatasi peke yake isingeniambia.

Ya bibi nimeiweka ukurasa mmoja na noti ya shilingi kumi ya Bodi ya Sarafu, ya enzi zilezile, ambayo niliitafuta makusudi mwaka mzima. Ndiyo noti ambayo pengine angepewa pale dirishani.

Basi piga picha pande zote mbili, mchana, bila flashi, na nyingine ukiinua karatasi mbele ya mwanga. Jina la mlipwaji lizibe kwa kidole kama familia haipendi lionekane. Mhuri uache wazi, ujaribu kunisomea herufi zinazozunguka ukingo wake hata kama zimefifia. Umesema unaona "K" na "O" mwanzoni. Inaweza kuwa Korogwe, inaweza kuwa Kondoa, na hiyo tofauti nataka kuijua kabla ya kulala.